Niliomba msaada wa maafa baada ya paa kuezuliwa: nimepata mabati 10

Upepo ulitoka ziwani saa nane usiku, Novemba, vuli imekolea. Huku milimani Mwanza nyumba zetu zimekaa juu ya mawe, hakuna cha kuzikinga. Ulianzia barazani, ukaingia chini ya bati, na nikasikia misumari ikichomoka mmoja mmoja, ta, ta, ta, kama mtu anabangua karanga. Kulipokucha mabati kumi na nane hayapo. Mengine tuliyakuta yamejikunja kwenye mawe ya jirani wa bondeni.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Jina linaandikwa pale, linapanda kwa mtendaji wa kata, kisha kwenye kamati ya maafa ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Nilipeleka namba ya NIDA. Ya nyumba sikuwa na hati, ila barua ya mwenyekiti ilitosha, na hapo sina malalamiko.

Kazi ilikuwa tathmini. Tulikaa siku nne chini ya turubai, na mjukuu anakohoa, nikachoka, nikaazima mabati chakavu nikaezeka chumba kimoja. Siku ya tano wataalamu wakafika. Yule kijana akatazama juu, akaniuliza, "Mama, mbona hapa pana paa?" Nikamwonyesha picha alizopiga binti yangu asubuhi ile ile. Alizitazama, lakini kwenye fomu akaandika "limeezuliwa sehemu". Neno hilo moja ndilo lililonigharimu. Walioandikiwa "lote" walipata mabati 20, mimi 10 na misumari kilo mbili. Kama yamekukuta, piga picha kila upande kabla hujagusa kitu, na usome fomu kabla ya kutia sahihi. Mimi miwani niliiacha ndani.

Mpaka mabati yanafika zilipita wiki saba. Nilirudi ofisini mara sita. Mara mhusika yuko kikaoni, mara orodha imerudishwa kwa sababu jina langu limekosewa herufi. Siku ya kugawiwa, mama mmoja aliuliza fidia yake ya vyombo iko wapi. Akajibiwa kwamba huu ni msaada, si fidia. Jibu hilo si geni ukanda wetu wa ziwa. Baada ya tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, watu walioambiwa serikali haitawajengea nyumba walikuwa wengi.

Mabati yenyewe ni geji 30, laini, ukiyakanyaga vibaya yanabonyea. Guta la kuyapandisha mlimani nililipa mwenyewe, elfu kumi na tano. Mbao hazimo, waya haumo, fundi hayumo. Na fundi ndiye aliyenifumbua macho: kenchi zangu, zile mbao zinazobeba paa, zilikaa tu juu ya ukuta, hazikufungwa kwenye lenta, ule mkanda wa zege wa ukutani, hata kwa waya mmoja, na aliyeezeka mwanzo aliruka mawimbi matatu matatu kati ya msumari na msumari. Safari hii nilisimama chini nikihesabu kila msumari, mpaka akaniambia, "Mama, nenda kapike."

Ningetoa nyota, ningewapa mbili na nusu. Hiyo nusu ni ya mzee mwenyekiti, aliyepanda mlima mara tatu na bakora yake kuniuliza kama nimepata. Jikoni bado pana turubai.