Banda la bukari Kasumbalesa, kwa dereva anayesubiri karatasi

Madereva wenzangu mnaopeleka salfa Lubumbashi na Kolwezi, mkishavuka Kasumbalesa kuingia Congo na karatasi hazijatoka, msishinde kwenye kabini na mkate mkavu. Nyuma ya maegesho ya malori kuna mama mmoja mwenye banda la turubai la bluu. Tangu Tunduma sijaona wa kumfikia, kwa mapishi wala kwa mapokezi.

Bukari yake, ndiyo ugali wa huku, ni ya mahindi, imetiwa unga wa muhogo kidogo, inavutika na haimeguki ovyo. Sombe, yaani kisamvu, imetwangwa ikalainika, ikaivia kwenye mawese, haina ule uchungu wa majani yaliyopikwa kwa haraka. Samaki anakaangwa unaona. Chai ndiyo hafifu, njoo na ya kwako kwenye chupa.

Lakini kinachonirudisha pale ni benchi. Unamkuta Mbemba wa Kitwe, Mshona wa Harare, kijana wa Kikasai anayebadilisha fedha, na mimi Mnyamwezi wa Sikonge. Mama anamwamkia Mzambia "Mwashibukeni", kisha ananigeukia: "Papa, unakula nini? Mayi iko pale, unawe." Baada ya hapo benchi zima linahamia Kiswahili, kila mtu kwa kadiri yake. Yule Mshona ana maneno machache ya kuokota barabarani, ila kwa hayo hayo alitueleza lori limepinduka wapi kabla ya Chingola na upande gani wa kupita, tukamwelewa. Mama hamcheki anayekosea. Anamfunulia sufuria aonyeshe kwa kidole, anamtajia chakula taratibu, anamngoja naye akitaje. Nimekula kwingi ambako mgeni hufokewa mbele za watu, ndiyo maana namsifu huyu.

Na Kiswahili hiki hakikuletwa na sisi wa malori. Wazee wetu walifika huku Katanga karne ya 19 wakifuata shaba na pembe. Msiri, Mnyamwezi, alitawala kutoka Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891. Baadaye Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba iliyoanzishwa 1906, ikakusanya vibarua kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Zambia ya leo, watu wasiosikilizana lugha, wakawekwa kambi moja. Babu yake mama huyu alikuwa mmojawapo, aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Ameniambia nyumbani kwao Chiluba, lugha ya Kasai, kimebaki kwa bibi tu, wajukuu wote wamekulia Kiswahili. Nilipomsikia nilijiona nimefika kwa ndugu, na bado najiona hivyo kila nikikaa pale.

Bei hazijabandikwa, uliza kabla hujapakuliwa. Anapokea faranga, kwacha na dola, ila dola yenye mchaniko hata kidogo haiguswi. Sombe huisha mapema mchana, kwa hiyo ukishapaki mwachie utingo gari, wewe tangulia.