Botswana na Kongo: almasi kwa wote, mifuko tofauti

Kwa nini Botswana ilineemeka na Kongo (ile ya Kinshasa) ikabaki maskini, ilhali zote zina almasi? Je, ni kwa sababu ya kura? Mwaka 1960 ungeambiwa uchague nchi ya kuwekeza, ungechagua Kongo. Ilikuwa na shaba ya Katanga, almasi za Kasai, reli na bandari ya Matadi. Botswana ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa na ng'ombe, ukame na barabara za lami za kuhesabu.

Mwaka uliofuata almasi zikagunduliwa Orapa. Serikali ya Seretse Khama, iliyoingia kwa kura, ikaelekeza mapato kwenye shule, zahanati na barabara. Huko Kongo, Lumumba, waziri mkuu wa kwanza, aliuawa Januari 1961, Mobutu akatawala kwa mabavu 1965 hadi 1997, vita vikafuata. Mimi nadhani vita viliiumiza Kongo kuliko kukosa kura: mkulima asiyejua kama kesho atakuwa kijijini kwake hapandi michikichi, inayotaka miaka kadhaa kabla ya kuzaa.

Halafu kuna hesabu ya vichwa. Botswana ina watu takriban milioni 2.5, na uzazi umeshuka hadi chini ya watoto watatu kwa mwanamke. Kongo imepita milioni 100, wastani ukiwa karibu sita. Uchumi ukikua kwa asilimia 5 na watu kwa 3, kila mtu anaambulia takriban 2 tu.

Botswana nayo si pepo. Chama kimoja kilishinda kila uchaguzi hadi 2024, pengo la kipato ni kubwa mno, na soko la almasi likipiga chafya, hazina inaugua mafua.