Tahadhari: jamaa wa "seva ya faili" pale Luthuli

Jameni, nimeliwa elfu saba na mia tano mchana kweupe, mimi yule huwacheka wengine. Leo msinicheke.

Mnajua vile nimechoka kutembeza flashi saibani, kuhamisha faili kompyuta hii hadi ile. Basi Jumamosi nikapanda ngazi pale Luthuli Avenue, Nairobi, ghorofa ya pili, kibanda cha mwisho kabla ya choo. Jamaa mpole, shati limepigwa pasi, ananiita "mama" na kunisogezea kiti. Akafungua laptopu, akawasha programu ya seva, eti ndiyo inayogawa faili, kisha mbili za mteja, yaani programu ya kuunganika na seva. Akabofya, na faili la giga moja likaingia kabla sijamaliza kufuta jasho. "Umeona, mama? Seva imejaa filamu na masomo elfu kumi. Leseni ni ya maisha." Sasa ningekosaje kuamini? Nimeona kwa macho yangu! Risiti pia alinipa, tena yenye muhuri. Nikatuma M-Pesa hapo hapo, na ya kutoa nikaongeza. Ya kutoa, jameni!

Kufika saibani, seva ikawaka, mteja akaunganika, orodha tupu. Nikapiga simu. "Ngoja ijipange, mama." Nikangoja hadi saa nne usiku. Kesho yake programu ikadai elfu tatu za "kuamsha leseni". Simu yake haishiki tena, na kibandani sasa kuna msichana anauza kava za simu. Anasema hamjui.

Kijana wa dada yangu alipoiangalia alicheka mpaka nikataka kumfukuza. Ile ya mteja ni DC++, programu ya kugawana faili, ya bure tangu 2001, amebadilisha jina tu. Na seva, ambayo wenyewe huiita habu, haiweki faili lolote. Kazi yake ni kukutanisha watu, halafu faili linatoka kompyuta ya huyu kwenda ya yule. Bila watu, hakuna cha kupakua. Bahati nilikuwa nimepiga picha anwani aliyoandika: 127.0.0.1. Hiyo ni anwani ya mashine yenyewe, yaani laptopu ilikuwa inajiongelesha! Mtoaji, mpokeaji na seva, wote ndani ya mashine moja.

Mkionyeshwa kitu kama hicho, semeni mteja awekwe kwa kompyuta yenu. Akianza hadithi za leseni, shukeni ngazi.

Lakini huyu lazima ashikwe. Namba ya OB, ile ya ripoti ya polisi, ninayo, na namba yake ya simu polisi wanayo. Atapike pesa yangu yote, na ya kutoa, na akae ndani hadi lile shati lisahau pasi.