Ndoa ya bomani kwa wachumba wa dini mbili: inafaa kiasi gani ukilenga viza ya mwenza Uingereza?

Mtanzania na Mwingereza wa dini tofauti wakishaamua kuoana huku nyumbani, mara nyingi huishia mlango uleule: bomani, yaani ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Hawaendi kwa ajili ya uzuri wa mahali. Ndoa hufungwa kwenye ofisi au chumba cha mikutano, picha ya Rais ukutani, foleni ya wenye migogoro ya ardhi nje. Wanaenda kwa sababu pale hakuna anayeuliza nani atabadili dini.

Kwa anayesoma haraka: kisheria huduma hii ni imara, gharama yake ni ndogo, na taratibu zikifuatwa cheti chake hakileti maswali Uingereza. Kasoro ni mbili. Siku 21 za tangazo huvuruga likizo za watu, na sherehe yenyewe huacha ushahidi kiduchu wa uhusiano, ilhali afisa wa viza hatafuti cheti peke yake.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi hudhani Uingereza inataka ndoa ya serikali tu. Sivyo. Inatambua ndoa iliyo halali mahali ilipofungwa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 (Sura ya 29) ya Tanzania inazipa nguvu sawa ndoa ya kidini, ya kimila na ya kiserikali. Nikahi ya sheikh mwenye leseni ya kufungisha ndoa, ikatolewa cheti na kumbukumbu yake ikafika RITA (wakala wa serikali wa usajili), inasimama. Nikahi ya sheikh asiye na leseni, iliyoishia kwenye karatasi yenye muhuri wa msikiti, itakusumbua tangu siku ya kwanza ya maombi.

Shida ya wachumba wa dini mbili ni kwamba mlango wa dini mara nyingi uko wazi upande mmoja tu. Mwislamu wa kiume akioa Mkristo, masheikh wengi watafungisha, maana bibi harusi ni katika Watu wa Kitabu. Mwislamu wa kike na bwana Mkristo, hakuna sheikh atakayekubali mpaka bwana asilimu. Kanisa Katoliki lina njia, ila ina masharti: ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa inahitaji kibali cha askofu (kanuni ya 1086 ya Sheria ya Kanisa), na Mkatoliki huahidi kufanya awezavyo watoto wabatizwe na kulelewa katika imani hiyo (kanuni ya 1125). Mwenzake hatakiwi kuahidi lolote, anatakiwa kujulishwa tu. Kisha kanuni ya 1127 inakataza kufanya sherehe nyingine ya kidini, kabla au baada, ya kutoa au kurudia ridhaa ileile. Ule mpango maarufu wa misa asubuhi na nikahi jioni, wa kuwaridhisha wazee wa pande zote, paroko akiusikia unakufa hapohapo.

Kusilimu kwa ajili ya cheti nako hakupunguzi kazi, kunaongeza. Bwana huandikwa Abdulrahman kwenye cheti cha nikahi wakati pasipoti yake inasema Andrew, na hapo unahitaji kiapo cha mwanasheria na barua ya maelezo kuthibitisha kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Ikiwa familia imeshaamua njia hiyo, mwambieni sheikh mapema aandike jina la pasipoti. Jina la Kiislamu litumike msikitini na nyumbani.

Turudi bomani. Mtanzania abebe kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, picha ndogo za pasipoti na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa au kijiji anakoishi. Mgeni abebe pasipoti yenye muhuri wa kuingia nchini, cheti cha kuzaliwa, na hati ya kuonyesha kwamba hana kizuizi cha ndoa. Hati hiyo ndiyo inayochelewesha watu. Kwa anayeishi Uingereza chanzo chake ni ofisi ya usajili ya eneo lake, na huko nako tangazo lake hukaa siku 28 kabla hati haijatoka. Zikijumlishwa na 21 za huku ni siku 49, ndiyo maana anayeanza mchakato baada ya kukata tiketi hujikuta amechelewa. Kabla ya yote, Mtanzania apite ofisini aulize wanachokubali: wapo wanaotaka hati hiyo tu, wapo wanaoridhika na kiapo mbele ya wakili. Jibu aliandike pamoja na jina la aliyelitoa, kwa sababu zamu zikibadilika na masharti huweza kubadilika.

Taarifa ya kusudio la ndoa lazima itolewe angalau siku 21 kabla ya siku ya kufunga. Fomu inataka majina, umri, makazi, majina ya wazazi, hali ya ndoa ya kila mmoja, na aina ya ndoa: ya mke mmoja au inayoruhusu zaidi. Tangazo hubandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mgeni mwenye likizo ya wiki mbili ana njia mbili. Ya kwanza, kuuliza kama fomu iliyosainiwa na nakala ya pasipoti vinaweza kutangulia kabla hajafika. Ofisi nyingine zinakubali, nyingine zinataka sura zote mbili mezani. Ya pili ni leseni maalumu ya Msajili Mkuu, yaani RITA, ya kuondolewa sharti la siku hizo. Inahitaji sababu ya kueleweka, na "ndege inaondoka Jumapili" ni sababu dhaifu.

Malipo ni kwa kontrol namba, unalipia benki au kwa simu. Anayetaka pesa mkononi ili "kuharakisha tangazo" anakuuzia matatizo: ndoa iliyofungwa kabla ya siku kutimia bila leseni inakuachia tarehe mbili zisizopatana kwenye daftari, na hizo hazifutiki.

Sasa kile kisanduku cha aina ya ndoa, ambacho watu hukijaza huku wanacheka. Chini ya sheria yetu, ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila huchukuliwa kuwa inaruhusu wake zaidi ya mmoja hadi ithibitishwe vinginevyo. Nyingine, ikiwemo ya bomani, huchukuliwa kuwa ya mke mmoja. Uingereza haimkatai mtu kwa sababu ndoa yake ingeweza kuwa ya wake wengi. Inamkataa pale mke mwingine anapokuwepo kweli. Hata hivyo kuandika "mke mmoja" kwa herufi safi kunafunga mjadala kabla haujaanza.

Aliyewahi kuoa au kuolewa asikilize kwa makini zaidi. Talaka ya mdomo au karatasi ya talaka ya msikitini haitoshi. Kwa sheria ya 1971, baada ya baraza la usuluhishi mahakama ndiyo inayotoa amri ya talaka, na amri hiyo ndiyo inayotakiwa bomani na kwenye viza. Kwa upande wa Uingereza, tangu Aprili 2022 talaka za Uingereza na Wales zina hatua mbili, amri ya masharti na amri ya mwisho. Mwenye ile ya kwanza bado ni mume au mke wa mtu, hata kama ametengana na mwenzake miaka kumi. Akifunga ndoa Tanzania akiwa na hiyo tu, ndoa mpya ni batili na ada ya viza imekwenda na maji.

Siku yenyewe ni fupi, mara nyingi chini ya nusu saa. Mnahitaji mashahidi wawili walio watu wazima, na waje na vitambulisho. Msajili atauliza kama mnaoana kwa hiari, mtajibu, mtatia saini. Kabla ya saini, msishike kalamu kwa haraka. Someni kila mstari wa cheti mkiwa na pasipoti mbili wazi pembeni: mpangilio wa majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, tahajia ya jina la baba mkwe. Mwanaisha aliyeandikwa Aisha, au Mohamed aliyeongezewa "m" ya pili, hurekebishwa palepale kwa dakika moja. Ukigundua ukiwa Leeds, kurekebisha ni safari ya ndugu, kiapo na wiki kadhaa. Ombeni pia nakala zilizothibitishwa siku hiyohiyo. Popote palipoandikwa Kiswahili kwenye nyaraka, tafsiri kamili ni lazima, yenye tarehe, jina, saini na mawasiliano ya mtafsiri, pamoja na kauli yake kwamba tafsiri ni sahihi.

Hapo huduma ya bomani imemaliza kazi yake, na ndipo upungufu wake unapoonekana. Fikiria faili lilivyo mezani kwa afisa: cheti, picha nne, watu wanne ndani ya picha, hakuna mzazi hata mmoja. Mwenye kujua mambo yetu ataelewa kwamba mama wa bibi harusi amegoma kwa sababu ya dini. Afisa wa viza haelewi, na kwake picha hiyo inafanana sana na ndoa ya makaratasi. Msimwache akisie. Barua ya kila mmoja ieleze waziwazi, kwa aya moja isiyo na lawama: familia ipi ilipinga, kwa nini, nani alijua, nani alihudhuria. Halafu mjaze pengo kwa vitu vingine: mihuri ya safari za kuonana, maana sharti mojawapo ni kuwa mmewahi kukutana ana kwa ana, risiti za kutumiana pesa, vipande vichache vya mazungumzo vilivyosambaa katika miaka yote, na si kurasa mia tatu za mwezi mmoja. Barua ya shangazi au kaka aliyekubali ina thamani kuliko albamu ya ukumbini. Chakula kidogo nyumbani kwa upande uliokubali, siku ileile, kinasaidia familia na faili kwa pamoja.

Mliofanya nikahi au baraka kanisani baada ya bomani, tajeni tarehe zote mbili na semeni ipi ni ya ndoa ya kisheria. Tarehe moja kwenye fomu na nyingine kwenye barua ni aina ya kosa ambalo halina ubaya wowote na bado linaleta maswali.

Upande wa pesa, mdhamini, yaani mwenza aliye Uingereza, anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kiwango kilichoanza tarehe 11 Aprili 2024. Aliyeajiriwa sehemu moja kwa miezi sita au zaidi hutoa hati za mshahara na taarifa za benki za miezi sita, zikilingana mshahara kwa mshahara, pamoja na barua ya mwajiri. Na karatasi ya mwisho isiwe na umri wa zaidi ya siku 28 siku ya kuomba. Hapa ndipo ratiba ya bomani inapouma tena: anayechukua likizo ndefu bila malipo kusubiri siku 21 anaweza kuharibu miezi yake sita mwenyewe. Asiye na kipato hicho anaweza kutumia akiba, nayo ni pauni 88,500 zilizokaa miezi sita. Mwenye kupokea baadhi ya marupurupu ya ulemavu au ya ulezi hupimwa kwa kipimo kingine.

Ada ya maombi kutoka nje ilifikia pauni 1,938 Aprili 2025, na mara nyingi Aprili ndio mwezi wa kupandishwa, kwa hiyo angalieni bei ya siku mnayolipa. Tozo ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka, jumla 3,105 kwa viza ya miezi 33. Ongezeni mtihani wa Kiingereza wa kiwango cha A1, wa kusikiliza na kuzungumza, na kipimo cha kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa. Cheti chake hudumu miezi sita, hivyo msikifanye kabla ya tangazo la ndoa halijaanza hata kuhesabiwa.

Wapo wanaoikwepa bomani kwa viza ya mchumba, waoane hukohuko. Kwa wachumba wa dini mbili ina faida moja ya kweli, umbali na mtaa wenye maneno. Ila ni ya miezi sita, hairuhusu kazi, na baada ya ndoa mnaomba na kulipa ada upya. Na nikahi ya msikitini Uingereza, bila ndoa iliyoandikishwa kisheria, haiwafanyi mke na mume mbele ya serikali.

Walio Kenya wana huduma inayofanana: Sheria ya Ndoa ya 2014, taarifa ya siku 21, maombi kupitia eCitizen, na kwa Nairobi ofisi iko Sheria House. Ndoa ya kiserikali huko ni ya mke mmoja kwa sheria, kwa hiyo hakuna utata wa kile kisanduku. Na kwa kuwa sehemu ya ndoa za Kiislamu ya sheria hiyo inahusu Waislamu pekee, kwa Mwislamu na asiye Mwislamu njia ya serikali ndiyo iliyo salama. Wanaoota harusi ya ufukweni Zanzibar wajue kwamba Visiwani kuna sheria na ofisi zake za usajili: waulize huko kwanza, au wafunge bomani Bara na kuvuka na boti kwa ajili ya picha.