Niliandika "msiisafishe", wakaisafisha

Siyo kawaida yangu kulalamikia duka la sarafu hadharani, lakini hili limenikaa kooni tangu mwezi uliopita, au ule wa kabla yake.

Nakusanya maravedi, sarafu za kale za shaba, zile zilizotengenezwa ovyo enzi za ukoloni wa Hispania. Wengi hutafuta za fedha. Mimi napenda hizi zilizogongwa kwa nyundo na mtu mwenye haraka: chata limekwenda upande, ukingo umepasuka, nusu ya maandishi haikupata pa kukaa. Reali moja, sarafu ya fedha, ilikuwa maravedi 34, kwa hiyo hizi ndizo zilizokuwa chenji, pesa za mikono ya watu wa chini.

Niliyoipeleka ni ya maravedi 4, ya Santo Domingo huko Karibi, karne ya 16. Upande mmoja ina Y yenye taji, wa pili nguzo mbili za Hercules, nembo ya Hispania. Niliipata Jumapili moja Plaza Mayor, Madrid, kwenye meza za chini ya matao. Ilikuwa na ngozi ya kijani iliyokolea, laini kama jani changa la mgomba. Ngozi ile huchukua miaka mingi kujijenga, na ikitoka hairudi ilivyokuwa.

Dukani niliomba waipime na kuitambua, basi. Nilisema kwa mdomo, nikaandika na juu ya bahasha: msiisafishe. Siku ya kuichukua, kijana wa kaunta akanisukumia bahasha bila kuniangalia. Kufungua, nyekundu tupu, inang'aa kama waya wa umeme uliochunwa.

"Sasa inasomeka," akasema.

Nikamwonyesha maandishi yangu. Akaichukua bahasha, akaigeuza upande usioandikwa kitu, akaiweka pale pale mezani, akaita mteja mwingine.

Nisiwadhulumu. Duka hilo hilo liliwahi kuniuzia maravedi 8 ya karne ya 17, iliyogongwa chata juu ya chata, na maelezo yao hayakuwa na kosa. Bei zao pia si za kukomoa. Na nyumbani, niliposhika kioo cha kukuzia, nikaona kitu ambacho ule ukijani ulikificha siku zote: IOANA. Ni Juana, malkia wa Hispania aliyefungiwa mjini Tordesillas mpaka akafa mwaka 1555, huku jina lake likipita mikononi mwa watu ng'ambo ya bahari pamoja na la mwanawe Carlos. Nilitulia nalo muda mrefu. Moyo ulikuwa umeanza kulainika, nikawaza niwape nyota tatu.

Halafu nikasogeza taa. Mikwaruzo ya brashi ya waya imepita juu ya jina lile, zaidi ya kumi, yote mwelekeo mmoja, na mmoja umeikata A ya mwisho katikati.

Basi sitoi hata nyota moja. Ada ya utambuzi walinitoza kamili, na chini yake kwenye risiti wameandika: usafishaji, bure.