Chéticamp, Kanada: kufundisha mazulia ya kulabu na kupumzika pwani kwa safari moja

Mwalimu wa mazulia ya kulabu ana pwani nyingi za kuchagua, kuanzia Maine nchini Marekani hadi Newfoundland. Sisi Chéticamp tunaiweka mbele ya zote. Ni kijiji cha wavuvi Waakadia wanaozungumza Kifaransa, magharibi mwa kisiwa cha Cape Breton, Nova Scotia. Kwingine mwanafunzi akitoka darasani anakuta bahari tu. Hapa anakuta na ufundi wenyewe, ukutani na madukani.

Kwa asiyeujua: kitambaa chenye matundu, kama gunia au kitani, huwambwa kwenye fremu. Mkono mmoja hushika utepe wa sufu chini ya kitambaa, mwingine huingiza kulabu kutoka juu na kuvuta kitanzi. Hakuna fundo hata moja. Mkeka wa ukili hushikwa na mshono, lakini zulia hili hushikwa na msongamano wa vitanzi peke yake, na makosa mengi ya darasani yanatokana na jambo hilo.

Cha kwanza kukadiria ni Les Trois Pignons, jengo lenye makumbusho ya mazulia na maisha ya nyumbani. Tunalipatia alama zote. Humo mna kazi za Elizabeth LeFort (1914–2005), mwenyeji wa eneo hilo, ambaye picha zake za sufu zilifika Vatikani, Ikulu ya Marekani na Kasri la Buckingham. Wapeleke wanafunzi wasimame hatua moja tu kutoka kwenye sura ya mtu. Wataona mistari iliyonyooka ya vitanzi vidogo vya uzi, na shavu linalopata uvimbe wake kwa kubadilisha uzi kutoka rangi moja kwenda nyingine iliyo jirani yake kabisa. Ukirudi nyuma hatua tano, mistari inapotea. Hakuna mhadhara wa vivuli unaofikia dakika hizo kumi. Pia mtaielewa historia ya rangi tulivu za mazulia ya hapa: katika miaka ya 1920 Lillian Burke, msanii kutoka Washington aliyekuwa akija Baddeck, mji wa kisiwa hichohicho, na familia ya Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, aliwaelekeza wanawake wa Chéticamp kutumia nyuzi laini za sufu na michoro ya maua, akawatafutia soko Marekani. Makumbusho hufunguliwa kwa msimu, kwa hiyo usipange darasa la majira ya baridi ukitegemea ziara hiyo.

Mgeni aliyezoea tepe pana aseme mapema anafundisha mtindo gani. Kazi ya Chéticamp ni ya uzi juu ya gunia. Tepe zina namba, na kila namba ni sehemu ya thelathini na mbili ya inchi: namba 3 ni kama milimita 2.4, namba 6 ni 4.8, namba 8 ni 6.4. Kwa wanaoanza tunashauri namba 8, mchoro usiozidi sentimita 30 kwa 40, na kitambaa cha kitani. Gunia ni rahisi na lina historia, lakini juti hukauka na kukatika baada ya miaka. Acha ukingo mtupu wa sentimita 10 kila upande, la sivyo meno ya fremu hayatapata pa kushika.

Sufu huhesabiwa hivi: eneo la mchoro mara 5. Sentimita 30 kwa 40 ni 1,200 za mraba, mara 5 ni 6,000, yaani sentimita 40 za kitambaa chenye upana wa mita 1.5. Iwe sufu tupu, ifuliwe kwa maji moto na kukaushwa kwa mashine ili ijikaze kabla ya kukatwa. Ikiwa legelege, tepe nyembamba zitafumuka mkononi. Kila mwanafunzi mwongezee robo, kwa sababu rangi ya mandharinyuma ndiyo huisha kwanza, na ukiitia upya haiji ileile.

Kosa kubwa la siku ya kwanza ni kujaza kila tundu. Kwa tepe namba 8 ruka tundu moja au mawili. Zulia lililobanwa mno huinuka katikati kama chapati inayofura, na pasi hailirudishi. Kimo cha kitanzi kilingane na upana wa utepe. Mwanzo na mwisho wa utepe vivutwe juu, vikatwe sawa na vitanzi. Na mwanafunzi asivushe utepe kwa nyuma kutoka sehemu moja hadi nyingine, maana utepe huo ukinaswa, safu nzima inafumuka.

Kumbi ndizo zinazopunguza alama. Kabla ya kusaini mkataba uliza mambo ambayo waandaaji husahau. Viti visiwe na mikono, kwa kuwa kiwiko hugonga kila kitanzi. Meza ziwe na ukingo mnene ulionyooka, kwani mashine ya kukata tepe hufungwa kwa klampu, na kwenye ukingo wa plastiki uliojikunja huteleza. Umeme Kanada ni volti 120, na laini ya kawaida ya ampea 15 inabeba wati 1,800. Jiko moja la umeme la kutia sufu rangi, la wati 1,500, linakaribia kuimaliza. Washa la pili au pasi kwenye laini hiyohiyo, umeme utakatika sufuria ikiwa katikati ya moto. Pasi ya volti 240 kutoka Nairobi au Dar es Salaam iache nyumbani.

Usitie rangi nje ya ukumbi, hata asubuhi ikiwa tulivu. Chéticamp ina upepo wake, suête, unaoporomoka kutoka milimani kusini-mashariki, na umewahi kupita kilomita 200 kwa saa. Ndani, utaratibu ni huu: loweka sufu nusu saa kwenye maji yenye tone la sabuni, itie kwenye sufuria ya rangi, pandisha moto hadi karibu na kuchemka, tia siki, subiri dakika 30 hadi 45 mpaka maji yabaki bila rangi, kisha iache ipoe yenyewe. Ukiitumbukiza kwenye maji baridi ingali moto, hugandamana ikawa nene isiyokatika.

Safari: kutoka uwanja wa ndege wa Halifax ni saa 4 na nusu hadi 5 kwa gari, kupitia tuta la Canso, barabara iliyojengwa juu ya mawe kuvuka bahari, na barabara namba 19. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza. Kanada humruhusu kiongozi wa semina isiyozidi siku 5 kufundisha bila kibali cha kazi, kwa hiyo barua ya mwaliko itaje tarehe hizo waziwazi. Vifaa vya kuuza vitajwe forodhani. Meno ya fremu yaende kwenye mzigo mkubwa, na mkasi wa kwenye mzigo wa mkononi uwe na makali yasiyofika sentimita 6.

Fundisha kwanza, pumzika baadaye. Anayeanza na mapumziko hutumia siku hizo kukata tepe chumbani. Siku 4 za darasa na 4 za pwani zinatosha. Mbuga ya Cape Breton Highlands inaanzia jirani na kijiji, na njia ya Skyline, kama kilomita 6.5 kwenda na kurudi, inaishia juu ya mwamba unaoitazama ghuba ya St. Lawrence. Barabara ya Cabot Trail ni kilomita 298. Igawe siku mbili. Mei na Juni ni msimu wa kambakoko, na mwanzo wa Oktoba majani hugeuka rangi, vyumba vikajaa. Sisi tunachagua Septemba, makumbusho yakiwa bado wazi. Mandhari ya siku hizo yapige picha mchana wa mawingu, jua likiwa halijakula rangi, ndipo uyalinganishe na sufu zako.