Maisha ya Henry Brown katika Mishororo Sita: Uhakiki wa Kitabu cha Box

Kitabu cha picha kinachosimulia maisha ya mtu humpa mwandishi kurasa chache na maneno machache, ilhali historia ya Wamarekani Weusi humletea mambo ambayo hata kitabu kinene cha watu wazima huyaeleza kwa shida. Carole Boston Weatherford amelikabili tatizo hilo katika Box: Henry Brown Mails Himself to Freedom, kitabu kilichochorwa na Michele Wood, kikachapishwa na Candlewick Press mwaka 2020 na kupata Nishani ya Heshima ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 2021. Ninakipendekeza bila kusita, japo si kwa mtoto wa umri wowote, na sababu yangu kubwa ni namna kilivyotungwa.

Kisa chenyewe kinajulikana sana nchini Marekani. Henry Brown alizaliwa utumwani katika wilaya ya Louisa, jimboni Virginia, karibu mwaka 1815, na alipokuwa kijana alipelekwa Richmond kufanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Mwaka 1848 mkewe Nancy pamoja na watoto wao waliuzwa na kupelekwa North Carolina, naye akasimama barabarani akiwatazama wakipita. Machi 1849, akisaidiwa na James Smith, mtu mweusi aliyekuwa huru, na Samuel Smith, fundi viatu wa Kizungu, alijikunja ndani ya sanduku la mbao lenye urefu wa futi 3, kina cha futi 2 na inchi 8 na upana wa futi 2, akasafirishwa kama mzigo hadi Philadelphia, mji wa kaskazini ambako utumwa haukuruhusiwa, kwa wapinga utumwa. Safari ilichukua saa 27. Sanduku lilikuwa limeandikwa upande unaopaswa kukaa juu, lakini wachukuzi hawakujali, na kwa muda fulani Brown alisafiri kichwa kikiwa chini, damu ikimjaa usoni, bila kuthubutu kutoa sauti.

Mwandishi mwenye pupa angekimbilia sanduku hilo katika ukurasa wa kwanza, kwa kuwa ndilo linalowashangaza watoto. Weatherford hafanyi hivyo. Sanduku lina pande sita, naye akaamua kwamba kila shairi la kitabu hiki litakuwa na mishororo sita, na umbo hilo analishikilia tangu utoto wa Brown hadi maisha yake ya baadaye, hivi kwamba msomaji anaishi ndani ya sanduku muda mrefu kabla mbao hazijapigiliwa misumari. Aliyezoea tasdisa zetu, yaani mashairi yenye beti za mishororo sita, asitarajie vina na mizani. Haya ni mashairi huru, yenye sentensi fupi zinazokatika ghafla, na nguvu yake inatokana na kile ambacho mshairi amekubali kukiacha nje. Kila ukatili, kila ahadi iliyovunjwa, kila siku ya kazi inapewa mishororo ile ile sita, na mara shairi linapoisha hakuna sentensi ya kumfariji msomaji wala ya kumweleza ahisi nini.

Shairi lililonigusa kuliko yote ni lile ambalo Brown anajiuliza ana nini cha kuogopa. Anataja alivyonyang'anywa, yaani mke, watoto, muda wake na hata mwili wake, na kuona kwamba kilichobaki cha kupoteza ni pumzi tu, kisha anasema kwamba utumwa wenyewe ndio unaomkaba. Mtoto anayejua kwamba mtu huyu yuko karibu kuingia katika sanduku lenye matundu madogo tu ya kupitishia hewa atatambua peke yake kwamba Brown hakuwa akifanya mchezo wa ujasiri, bali alikuwa amepima hatari mbili za kukosa hewa na kuchagua moja. Sijui njia iliyo fupi zaidi ya kumweleza mtoto kwa nini mtu angejifungia sandukuni kwa hiari.

Jambo linalohitaji kupimwa kwa makini ni sauti. Mashairi yameandikwa katika nafsi ya kwanza, Brown mwenyewe akizungumza, na kumtilia mtu halisi maneno kinywani ni jambo la hatari katika wasifu wa watoto, kwa kuwa mtoto huamini kwamba kila neno lilisemwa hivyo. Hapa ninaona uamuzi huo una msingi, kwa sababu Brown aliacha ushuhuda. Simulizi yake ya mwaka 1849 iliandikwa kwa mkono wa Charles Stearns, Mzungu mpinga utumwa aliyeipamba kwa lugha ya kihutuba, na nyingine ikachapishwa Manchester, Uingereza, mwaka 1851. Weatherford anamrudishia Brown lugha ya kawaida, isiyo na mapambo, na kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kwa mtu ambaye maneno yake yaliwahi kuandikwa upya na wengine.

Michoro ya Michele Wood ina rangi nzito na maumbo ya pembe nne yanayojirudia, yakikumbusha mablanketi ya viraka, nayo inabeba sehemu ya simulizi ambayo mashairi hayaitaji.

Kuna kitabu kingine kizuri kuhusu kisa hiki, Henry's Freedom Box cha Ellen Levine na mchoraji Kadir Nelson, cha mwaka 2007, kilichoandikwa kwa nathari na kinachoishia Brown anapowasili Philadelphia. Kwa mtoto anayeanza shule hicho ndicho ningechagua. Box kinakwenda mbali zaidi, na maisha ya Brown baada ya sanduku yanastahili nafasi hiyo: Sheria ya Watumwa Watoro ya mwaka 1850, iliyotaka watoro warudishwe kwa mabwana wao, ilimfanya asiwe salama hata katika majimbo ya kaskazini, akahamia Uingereza, akaishi kwa kuonyesha picha za utumwa jukwaani na baadaye kwa kufanya mazingaombwe.

Upungufu ninaouona unatokana na umbo lile lile ninalolisifu. Mishororo sita haitoshi kumweleza msomaji mchanga sheria, majina na miaka, na mtoto asiyejua lolote kuhusu uasi wa watumwa ulioongozwa na Nat Turner huko Virginia mwaka 1831 atapata tabu kuelewa kwa nini hofu ya mabwana wa Virginia iliongezeka wakati Brown akiwa kijana. Nancy naye anabaki mbali. Tunamwona kupitia huzuni ya mumewe, na nilitamani angalau shairi moja litoke kinywani mwake, hata kama mwandishi angelazimika kueleza kwamba shairi hilo ni la kubuni.

Kwa hiyo ningempa kitabu hiki mtoto wa miaka 10 au zaidi, na ningekisoma pamoja naye kwa sauti, mashairi machache kwa siku, nikimfungulia kwanza orodha ya matukio iliyo mwishoni ili ajue Brown alizaliwa katika nchi ya namna gani. Mzazi atakayesoma mashairi ya kuuzwa kwa familia wakati wa kulala ajiandae kwa maswali, na asiyaahirishe hadi kesho.